Nani Ana Ufunguo wa Bweni Saa Nane ya Usiku?

Barua ya wazi kwa wakurugenzi wa halmashauri zenye mabweni ya wanafunzi wenye ulemavu

Ndugu Wakurugenzi,

Nawaandikia nikiwa mama mkubwa wa msichana wa miaka 13 anayeishi kwenye bweni la shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu. Mama yake, aliyekuwa mdogo wangu, alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mtoto ni wangu. Ana ulemavu wa akili na ana kifafa. Maneno anayoyasema ni machache, na hayo machache asiyemzoea hayaelewi. Jina lake silitaji, wala la shule, wala la halmashauri, kwa sababu leo usiku atalala pale pale na sitaki barua hii imponze. Nimeamua kuwaandikia ninyi nyote badala ya mmoja kwa kuwa niliyoyaona kwenye bweni lake nimeyasikia pia kwa walezi wenzangu wa wilaya nyingine, karibu neno kwa neno.

Swali langu ni moja. Saa nane ya usiku, watoto wakiwa wamelala, ufunguo wa mlango wa bweni uko kwa nani, na mtu huyo yuko wapi?

Shuleni kwetu nimeliuliza, na nimejibiwa. Mlango hufungwa kwa kufuli la nje saa tatu usiku. Ufunguo hukaa na mlinzi getini. Matroni analala kwenye nyumba iliyo ng'ambo ya uwanja, kwa sababu ndani ya bweni hakuna pa kuweka kitanda chake. Madirisha yana nondo. Humo ndani mna watoto wasioona, watoto viziwi, watoto wanaotambaa, na watoto kama wa kwangu, ambaye moshi ukiingia hatakimbia. Atajifunika shuka gubigubi, kama anavyofanya kila anapoogopa.

Nilianza kuuliza baada ya kumkuta na kidonda kibichi cha moto kwenye mkono wa kushoto. Mwalimu wa zamu aliniambia kwamba alimwagikiwa na uji jikoni. Mpishi akasema watoto wa kitengo hawaruhusiwi kufika jikoni, na huyu hajawahi kufika. Matroni alisema alikiona kidonda asubuhi alipokuwa akimwogesha, na hakujua kimetoka wapi. Niliomba daftari la matukio, nikaambiwa hakuna. Daftari la wagonjwa lilikuwapo, ila jina la mwanangu halikuwamo. Simtuhumu mtu kwamba alimchoma. Ninacholalamikia ni kwamba mtoto asiyeweza kusimulia aliungua akiwa chini ya uangalizi wa serikali, na hakuna mtu mzima hata mmoja anayeweza kueleza ilikuwaje.

Nilipoendelea kuuliza nikaambiwa, tena kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, kama huridhiki, mchukue."

Naomba mlitazame vizuri jibu hilo, kwa maana walezi wengi wamelipata. Anayelitoa anajua kwamba mtoto hana pa kupelekwa. Kitengo kingine chenye bweni kiko wilaya nyingine, pengine mkoa mwingine. Shule binafsi zinazopokea watoto wenye ulemavu wa akili ni za kuhesabu, na ada zake hazishikiki kwa watu wa kipato chetu. Akirudi nyumbani, mtu mmoja lazima aache kazi ili akae naye, na nyumba ikikosa mshahara huo mmoja, wadogo zake nao wataacha shule. Mlezi anapoambiwa "mchukue", anaambiwa anyamaze. Na wengi hunyamaza. Nimewaona siku ya kufunga shule. Wanapokea mtoto, wanamsogeza pembeni chini ya mti, wanamkagua mgongo na mapaja, wanaona walichokiona, wanarudi kumshukuru mwalimu, wanaondoka. Shule ikifunguliwa wanamrudisha.

Mwaka 2023 serikali ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali, kwa hoja kwamba mtoto mdogo anastahili malezi ya familia yake. Hoja hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ila watoto wetu wengi hawawezi kuifaidi, kwa kuwa kwao bweni ndiyo njia pekee ya kufika darasani. Mtoto asiyeona hatatembea peke yake kilomita nyingi kila alfajiri kumfuata mwalimu anayejua nukta nundu. Kiziwi hatajifunza lugha ya alama kwenye shule ambayo hakuna anayeijua. Basi, kama bweni kwao halikwepeki, lingepaswa kuwa ndilo bweni salama kuliko yote nchini.

Hatuna haja ya kukisia moto unafanya nini kwenye bweni lenye kufuli na nondo. Juni 1994, Shauritanga, wilayani Rombo, ulichukua wasichana zaidi ya 40 kwa usiku mmoja. Agosti 2009, Idodi mkoani Iringa, wasichana 12 walikufa kwa moto ulioanzia kwenye mshumaa. Septemba 2020, wilayani Kyerwa, watoto 10 wa shule ya msingi. Kisha mwaka 2022 zamu ikawa ya watoto wenye ulemavu. Oktoba, katika shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono nchini Uganda, walikufa watu 11. Mwezi mmoja baadaye moto uliteketeza bweni la shule ya Buhangija, Shinyanga, shule ambayo kwa miaka mingi imewapokea watoto wenye ualbino, wasioona na viziwi. Wasichana watatu wasioona hawakutoka.

Nikizungumza habari hizi naambiwa miongozo ipo. Najua ipo. Kenya nako ipo. Baada ya wavulana 67 kuteketea Kyanguli, wilayani Machakos, Machi 2001, kwenye bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yana nondo, wenzetu walikaa wakaandika. Mwongozo wao wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unasema waziwazi: mlango wa bweni ufunguke kwa nje, uwe na upana wa kutosha, usifungwe kwa nje wakati wanafunzi wamo, madirisha yasiwe na nondo, kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi isiyopungua mita 1.2. Ni maandiko mazuri. Septemba 2024, miaka 16 baadaye, wavulana 21 walikufa kwenye bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha, Nyeri. Mwongozo usiotembelewa na mtu usiku haumwokoi mtoto. Ndiyo maana siwaulizi kama mna mwongozo. Nawauliza kuhusu ufunguo.

Nimejitahidi kuelewa kwa nini mlango unafungwa, na nakubali kwamba sababu zake ni za kweli. Wapo watoto wanaotoka usiku na kutembea bila kujua waendako. Wa kwangu ni mmojawao. Wapo wezi wa magodoro na blanketi. Wapo wanaume wanaonyemelea mabweni ya wasichana. Kwa watoto wenye ualbino hatari hiyo si ya kusimuliwa: mwaka 2024 wilayani Muleba mtoto wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa mikononi mwa mama yake na kuuawa. Matroni anayelala mbali na watoto hao, akiwa peke yake, mwenye mshahara mdogo, atafanya nini? Atafunga. Ningekuwa mahali pake ningefunga. Matroni wetu ni mama mwema. Ndiye anayejua kwamba mwanangu hali ugali uliopoa, ndiye anayemsuka, na ndiye aliyekwenda zahanati kwa nauli yake siku dawa zilipokwisha. Lakini usalama wa mtoto hauwezi kuning'inizwa kwenye wema wa mwanamke mmoja anayefanya kazi mchana na usiku. Akiugua je? Akihamishwa? Akisinzia, kama binadamu yeyote?

Kufuli la nje linamzuia mwizi na linamzuia mtoto kwa wakati mmoja. Kazi ya kumzuia mwizi ni ya uzio, geti, taa ya uani na mlinzi. Kazi ya kumzuia mtoto asipotee ni ya mtu mzima aliye macho ndani ya bweni. Mlango wenyewe uwe na komeo la ndani ambalo mtu mzima huyo analifungua kwa mkono mmoja gizani, bila kutafuta ufunguo. Mlango wa pili uwepo upande wa pili, na usigeuzwe stoo ya madawati mabovu. Nondo za madirisha, zikibidi kuwapo, zitengenezwe kwa fremu yenye bawaba na kitasa cha ndani. Fundi wa kuchomelea wa mjini anaiweza kazi hiyo, na hahitaji mkandarasi wala zabuni ya taifa.

Godoro la sponji likishika moto, moshi wake ni mzito na una sumu, na mara nyingi moshi huua kabla moto haujafika kitandani. Muda uliopo ni wa dakika chache. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji tuipige, ndiyo, lakini gari likiwapo liko mjini, na shule nyingi zenye vitengo ziko nje ya mji mwisho wa barabara ya vumbi. Kwa hiyo watoto hawa wataokolewa na mtu aliyelala nao chumba kimoja, au hawataokolewa.

Na mtu huyo lazima ajue anamwokoa nani. Kiziwi hasikii king'ora wala mayowe. Anaamshwa kwa kuguswa au kwa taa inayowaka na kuzimika, na umeme ukikatika inabaki kuguswa. Asiyeona ameshalijua bweni kwa mikono na miguu, lakini kitanda kimoja kikisogezwa bila kumwambia, njia yake imepotea. Mtoto anayetumia kitimwendo ametenganishwa nacho tangu saa mbili usiku, kwa sababu viti huegeshwa ukumbini ili visizibe njia. Kitanda chake kiwe karibu kabisa na mlango, na awepo aliyepangiwa kumbeba, anayejua namna ya kumshika bila kumvunja. Mtoto wangu atavutwa na sauti anayoijua, na kwa mgeni atang'ang'ania kitanda. Mambo haya huwezi kuyavumbua usiku wa moto. Yanaandikwa kwenye karatasi moja ya kila mtoto, yanabandikwa upande wa kichwani pa kitanda, na yanafanyiwa mazoezi. Mazoezi ya mchana, watoto wakiwa wamevaa viatu, jua linawaka na mgeni rasmi amekaa chini ya turubai, hayahesabiki. Yafanyike usiku.

Nimetumia maneno mengi kwenye moto, lakini mlango huohuo unawafungia watoto na mambo mengine. Mwanangu anakunywa dawa ya kifafa kila siku. Dawa hii ikikatwa ghafla, hata kwa siku chache, degedege linaweza kurudi kwa nguvu na kudumu mpaka likatishia maisha. Mtoto wa kifafa hapaswi kulala kitanda cha juu, hapaswi kuachwa peke yake na ndoo ya maji, na akianguka anageuzwa ubavu, hawekewi kijiko mdomoni, wala hakimbiwi kwa kuogopa mapovu yake. Nani anajua haya kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri? Kwenye bweni la mwanangu anayajua mtoto mwenzake, msichana asiyeona wa darasa la sita, ambaye huamka akisikia kitanda kinatikisika na kumshika mwanangu mpaka degedege litulie. Namwombea msichana huyo kila siku. Hata hivyo, kazi hiyo si yake. Asubuhi anaingia darasani kama wengine, na mtihani hautamuuliza aliamka mara ngapi.

Liko na lile ambalo sisi walezi hulisema kwa kunong'ona. Msichana mwenye ulemavu wa akili ni windo rahisi kwa mwanamume mwenye nia mbaya kwa sababu hawezi kusimulia, na akisimulia haaminiwi. Anayemnyanyasa mara nyingi ana sababu halali ya kuwapo pale: mlinzi, fundi, dereva, mfanyakazi, ndugu wa mfanyakazi, mfadhili aliyekuja kupiga picha. Sasa mfikirie tena ufunguo. Mwanamume anayekaa getini akiwa na ufunguo wa bweni la wasichana wasioweza kupiga kelele amepewa madaraka ambayo hakuna mzazi kati yenu angempa mwanamume yeyote juu ya binti yake. Pengine ni mtu mwadilifu kabisa. Utaratibu mzuri haumwekei mtu mwadilifu mzigo wa kuthibitisha uadilifu wake kila usiku.

Mtoto asiyesema huzungumza kwa mwili. Anayeanza kukojoa kitandani wakati alikuwa ameacha, anayekataa ghafla kuogeshwa, anayejificha akimwona mtu fulani, anayejiuma mikono, huyo anatoa taarifa. Taarifa hiyo ipokelewe kama inavyopokelewa ya mtoto anayesema: iandikwe siku hiyohiyo, mlezi apigiwe simu siku hiyohiyo, na pakiwa na shaka mtoto afike hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto kabla hajaogeshwa na nguo hazijafuliwa. Namba 116 ya kusaidia watoto ibandikwe shuleni, sawa, lakini mwanangu hawezi kupiga simu. Kwake, simu hiyo ni mtu mzima anayemjua na anayekubaliwa kuingia.

Hapo ndipo inapokuja nafasi yetu sisi ndugu, na hapo ndipo ninapowaomba mbadilike zaidi. Ndugu anayeuliza anaonwa mchokozi, anatafuta umaarufu, ametumwa. Naomba mkumbuke yaliyotokea Afrika Kusini. Mwaka 2015 serikali ya jimbo la Gauteng ilivunja mkataba wake na kampuni ya Life Esidimeni, iliyokuwa ikiwatunza watu wenye maradhi ya akili na ulemavu wa akili, na mwaka uliofuata ikawahamisha watu zaidi ya 1,700, wengi wao wakipelekwa kwenye asasi ambazo hazikuwa na uwezo wala leseni halali. Hoja rasmi ilikuwa kuokoa fedha na kuwarudisha watu kwenye jamii. Familia zilipinga tangu mwanzo. Ziliunda kamati, ziliandika barua, ziliandamana, zikafika mpaka mahakamani. Zilisema kaka yetu hawezi kujilisha, mama yetu anatumia dawa hizi, dada yetu akihamishwa ghafla atavurugika. Hawakusikilizwa. Watu walipakiwa, wengine kwenye pikapu, na baadhi ya ndugu hawakuambiwa jamaa zao wamepelekwa wapi. Walikufa watu 144, kwa njaa, kwa kukosa maji, kwa kukosa dawa, kwa baridi, kwa kutokuangaliwa.

Uchunguzi ulifanywa na msimamizi wa malalamiko ya afya, Profesa Malegapuru Makgoba, ripoti ikatoka Februari 2017. Kisha jaji mstaafu Dikgang Moseneke akasikiliza familia moja baada ya nyingine, na Machi 2018 akaamuru zilipwe fidia. Julai 2024 mahakama ikamtaja aliyekuwa waziri wa afya wa jimbo na aliyekuwa mkurugenzi wa afya ya akili kwamba matendo yao yalichangia vifo. Msomeni Moseneke mkipata nafasi. Yote yaliyokuja kuthibitishwa kwa gharama kubwa, kwa mawakili na wataalamu, ndugu walikuwa wameshayasema bure kabla hata mtu mmoja hajafa. Walichojua kuhusu jamaa zao hakikuwamo kwenye faili lolote la ofisini.

Ndivyo ilivyo hata kwetu. Ninayoyajua juu ya mwanangu hayamo kwenye fomu yake ya kujiunga, ambayo ina nafasi ya jina, dini na aina ya ulemavu. Kunifungia nje ni kuyafungia nje maarifa hayo.

Sheria iko upande wetu, na yenu pia mkitaka kuitumia. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara yake ya 16 inataka kila kituo na kila mpango wa kuwahudumia watu wenye ulemavu uangaliwe ipasavyo na mamlaka huru, ili kuzuia unyonyaji, ukatili na unyanyasaji. Neno "huru" ndilo la kuzingatia: mkuu wa shule akimkagua matroni wake, na halmashauri ikiikagua shule yake, huo si uhuru. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010, iliyoweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa. Tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Wathibiti ubora wa shule wanakuja, nawaheshimu, lakini wanakuja mchana na wanauliza maandalio ya masomo. Ni nani anayekuja usiku?

Mimi ningewatuma watu wazima wenye ulemavu waliokulia kwenye mabweni hayohayo. Vyama vyao vipo karibu kila mkoa, na SHIVYAWATA, shirikisho lao, linawajua. Mtu asiyeona aliyelala miaka saba kwenye bweni la shule ya msingi ataingia, atapapasa kuta, atauliza mlango wa pili uko wapi, na ndani ya dakika kumi atawaambia mambo ambayo afisa mwenye macho yake mawili hakuyaona. Kiziwi atazungumza na watoto viziwi bila mwalimu kukaa katikati akitafsiri anachotaka kutafsiri. Waende na afisa ustawi wa jamii na mlezi mmoja aliyechaguliwa na walezi wenzake, bila taarifa, na wawe na barua yenu ya kuwafungulia geti saa yoyote.

Mtaniambia fedha hakuna. Kwa mtu wa pili wa kumsaidia matroni usiku, nakubali, inahitajika ikama na mshahara, na hilo mtalipeleka TAMISEMI. Sisi walezi tuko tayari kulipeleka pamoja nanyi na kulisemea bungeni kupitia wabunge wetu. Lakini kufuli la nje halihitaji bajeti kuliondoa. Daftari la matukio ni bei ya daftari. Karatasi ya kitandani ni karatasi. Kukisogeza kitanda cha mtoto wa kitimwendo karibu na mlango ni kazi ya robo saa. Ruhusa ya mlezi kufika bila miadi, kuona anapolala mtoto wake, kuona dawa zake na kupewa jibu la maandishi anapouliza, haigharimu hata senti. Halmashauri inayokusanya ushuru wa soko, wa mazao na wa maegesho haiwezi kushindwa kumlipa fundi wa kuchomelea bawaba.

Kwa hiyo naomba hivi. Kabla shule hazijafunguliwa Januari, kila mkurugenzi mwenye bweni la watoto wenye ulemavu katika eneo lake aende yeye mwenyewe, saa nane ya usiku, bila kumjulisha mkuu wa shule. Agonge mlango. Ahesabu dakika mpaka mlango unafunguliwa, aone umefunguliwa na nani, aone ndani kuna mtu mzima au hakuna. Kama kuna kufuli la nje, liondoke usiku huohuo, na mtu mzima alale ndani kuanzia usiku huohuo, hata ikibidi walimu na watumishi wa halmashauri wapangiwe zamu mpaka ajira ipatikane. Kisha aandike ukurasa mmoja: tarehe, saa, dakika, nani alifungua, nini kimebadilishwa. Ukurasa huo ubandikwe kwenye mbao za matangazo za shule na za halmashauri, na nakala ipelekwe Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Kwa walimu wakuu watakaoisoma barua hii: msimtafute aliyeiandika. Mtafuteni aliye na ufunguo.

Na kwenu walezi wenzangu, mkienda kumrudisha mtoto Januari, kabla hamjapanda basi la kurudi, ombeni mwonyeshwe mlango anaolala nyuma yake, na mwulize unafunguliwa vipi kutoka ndani. Tukiuliza wote siku hiyohiyo, hakuna atakayeambiwa amchukue mtoto wake.

Wenu,
Mama mkubwa wa mwanafunzi, Kanda ya Ziwa